Chuma cha Kwanza: Hotuba kwa Wanagenzi Wapya wa Ufundi Mitambo

Wanagenzi wapya, wazazi na walezi mliowasindikiza, wakufunzi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimewatazama mlipokuwa mnazungushwa karakanani. Macho yenu yote yalikwenda upande mmoja, kwenye mashine za kukereza na ile inayoendeshwa kwa kompyuta yenye mlango wa kioo. Sikumwona hata mmoja aliyesimama kwenye ile meza ndefu ya mbao kule ukutani, yenye jiriwa, au vaisi kama wengi tunavyoiita, na mbele ya kila jiriwa kipande cha chuma, tupa na skwea, kile kifaa cha kupimia pembe na unyoofu. Meza hiyo ndiyo makazi yenu kwa wiki nyingi zijazo. Nataka niwaeleze kwa nini, kwa sababu kila mwaka kuna vijana wanaokata tamaa palepale, na wengi wao walikuwa na mikono mizuri kuliko wangu.

Kipande chenyewe hakitishi. Ni chuma laini kilichokatwa kwa msumeno, urefu milimita 70, upana 50, unene kama 20. Mtakipiga tupa mpaka pande zake zote sita ziwe bapa, zikutane kwa pembe ya nyuzi 90, na vipimo vifuate mchoro bila kupishana zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ipo mashine humu ndani inayoweza kuimaliza kazi hiyo kabla hamjanywa chai. Ninyi itawachukua siku nyingi, na cha kwanza mtakachokimaliza pengine kitakataliwa. Mtu mwenye akili lazima aulize: ya nini?

Njoo tusimame pale kwenye jiriwa. Urefu wake uwe sawa na kiwiko chako. Ukiwa mfupi wekewa ubao wa kusimamia, na wala usione haya kuuomba. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, kwa anayetumia mkono wa kulia. Mkono mmoja umeshika mpini, mwingine uko kwenye ncha ya tupa. Sukuma. Tupa hukata ikienda mbele tu. Ikirudi haikati, na ukiikandamiza wakati wa kurudi unaua meno yake. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Unapoanza kusukuma, sehemu kubwa ya tupa iko upande wako, kwa hiyo mkono wa mbele unatakiwa ukandamize zaidi. Ikifika katikati, mikono inalingana. Ikikaribia mwisho, mkono wa mpini ndio unaobeba. Mgawanyo huo wa nguvu unabadilika kila sekunde, na hakuna anayeweza kuufanya kwa kufikiri. Asiyeujua mwili wake bado, tupa inamyumba kama mtumbwi, inakula kingo za mbele na za nyuma, na chuma kinatoka na mgongo.

Utajuaje kwamba kina mgongo? Jicho halikuambii. Chukua skwea, iweke juu ya uso uliopiga tupa, inua vyote viwili kuelekea dirishani, halafu tazama chini ya ukingo wa skwea. Mwanga ukipita pembeni na kuzuiwa katikati, kuna mgongo. Ukipita katikati, kuna bonde. Jicho la binadamu huona mwanga unaopenya kwenye ufa mwembamba mno, mwembamba kuliko unywele. Mara ya kwanza unapotazama hivyo moyo unashuka, kwa sababu ulikuwa na uhakika kwamba uso umenyooka. Rudi kwenye jiriwa. Usiupapase uso ule kwa vidole, maana mafuta ya ngozi yako yanaifanya tupa iteleze badala ya kukata. Paka chaki kwenye tupa ili unga wa chuma usigande katikati ya meno, kwa sababu punje moja iliyoganda inachora mfereji kwenye uso uliouhangaikia saa nzima. Na tupa isiyo na mpini usiiguse kabisa. Mkia wake uliochongoka umeshatoboa viganja vya watu wengi.

Baada ya siku kadhaa jambo fulani linatokea, na siwezi kuwafundisha, naweza tu kuwasubiri mlifikie. Sauti ya tupa inabadilika. Inaacha kulia, inaanza kunguruma polepole. Unaanza kuhisi kwa kiganja kwamba pale kona ya kushoto bado iko juu, kabla hata hujainua skwea. Siku hiyo mkono wako umeanza kupima, na mkono unaopima utaubeba kila utakapokwenda: kwenye mashine ya kukereza, kwenye bomba linalovuja, kwenye injini, kwenye mtambo ambao bado haujabuniwa. Mashine inakata haraka sana, inakuficha kinachotendeka kati ya kifaa na chuma. Tupa inakata polepole kiasi cha kukuonyesha.

Ninaposema hivi vijana wengine hudhani ni mapenzi ya mzee kwa mambo ya zamani. Basi nimtaje mtu mmoja wa zamani kweli. Henry Maudslay alizaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka 1771. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari anafanya kazi kwenye ghala la silaha, akijaza baruti kwenye risasi. Baadaye akahamishiwa kwa maseremala, kisha kwa wahunzi, na alipofika miaka 18 akachukuliwa na Joseph Bramah, mtengeneza kufuli maarufu wa London. Mwaka 1797 aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa, akaenda kufungua karakana yake mwenyewe. Huyo ndiye aliyetengeneza mashine ya kukereza skrubu iliyoufanya uzi wa skrubu moja ufanane na wa nyingine kwa usahihi ambao viwanda havikuwa nao kabla yake. Mikononi mwake walipita Joseph Whitworth, James Nasmyth na Richard Roberts, watu ambao mashine zao zilijenga viwanda vya karne ile. Na waliofanya naye kazi, walipomkumbuka, walikumbuka jinsi alivyoitumia tupa ya inchi 18. Mtu aliyeipa dunia mashine sahihi aliheshimiwa na mafundi wake kwa sababu ya tupa.

Maudslay aliweka kwenye meza za mafundi wake sahani za chuma zilizonyooka kabisa, ili kila mmoja apime kazi yake dhidi ya uso wa kweli. Hapa nataka mnipe dakika, maana ni moja ya mambo mazuri zaidi niliyojifunza katika kazi hii. Uso ulionyooka unautengenezaje kama huna uso mwingine ulionyooka wa kuupimia? Ukichukua sahani mbili, ukazipaka rangi, ukazisugua pamoja na kuparuza pale zinapogusana, zitafika mahali zinalingana kila sehemu. Lakini moja inaweza kuwa na bonde na nyingine mgongo, zikakaa pamoja kama bakuli ndani ya bakuli, na wewe ukadhani umefaulu. Chukua sahani ya tatu. Linganisha ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, uparuze, urudie. Sahani tatu haziwezi kulingana zote kwa zote isipokuwa zote zimenyooka. Sahani mbili zinaweza kukubaliana juu ya uongo. Tatu haziwezi.

Tuje kwenye kupima, kwa sababu ndiko vijana wengi wanakoponzwa. Mtapewa rula ya chuma, vernia kalipa na maikromita, kwa mfuatano huo, na hamtapewa cha pili kabla hamjakimudu cha kwanza. Vernia imepewa jina la Mfaransa Pierre Vernier, aliyeueleza mpango wake wa mistari mwaka 1631, na mpango huo haujabadilika: ngazi ndogo inayoteleza kando ya ngazi kubwa, mistari yake imebanwa kidogo, na mstari mmoja tu ndio unaokutana sawasawa na mwenzake. Vernia nzuri inakusomea sehemu mbili za mia za milimita. Maikromita inakwenda hadi moja ya mia, na siri yake ni skrubu: ukizungusha ngoma mzunguko mmoja, ncha inasogea nusu milimita, na ngoma imegawanywa mara 50. Kosa ambalo kila mwanagenzi atalifanya, nawaambia mapema, ni kusahau ule mstari wa nusu milimita. Chuma kina 7.73, yeye anaandika 7.23 kwa kujiamini kabisa. Zoea kupima kwa rula kwanza, upate kujua kipimo kinakaa wapi, ndipo uchukue maikromita.

Na msiibane maikromita kana kwamba ni jiriwa. Ina kitasa kidogo cha nyuma kinacholia tik tik tik, kikilia, acha. Unaweza kukibana chuma mpaka kikupe kipimo unachokitaka, lakini hapo hujapima kitu, umejidanganya.

Nitawasimulia jambo lililonipata, na nalisimulia mbele ya wazazi makusudi. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa uanagenzi. Nilipewa kukereza shafti ya pampu, na sehemu moja ya shafti ile ilikuwa ya kukalia beringi namba 6210. Mtajifunza kwamba tarakimu mbili za mwisho za namba kama hiyo, ukizizidisha mara 5, zinakupa tundu la beringi: 10 mara 5, milimita 50. Mchoro ulitaka shafti izidi 50 kidogo sana, iwe kati ya 50.002 na 50.018, ili beringi iingie kwa nguvu na ikae. Nilikereza kwa haraka mchana ule, chuma kikapata moto. Nikapima palepale kwenye mashine: 50.01. Nilifurahi. Nikaifuta, nikaiweka mezani, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilichukua beringi nikaiweka kwenye shafti, ikaingia kwa mkono kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Nilipima: chini ya 49.99. Shafti ilikuwa imepoa. Chuma cha milimita 50 kikipata joto la ziada la nyuzi 40 huvimba kama milimita 0.023, kiasi cha kuila tofauti yote niliyopewa kwenye mchoro na kuvuka. Ndiyo maana duniani kote wamekubaliana kwamba kipimo cha kitu ni kile kinachopatikana kwenye nyuzi 20 za selsiasi. Nilikuwa nimefundishwa hivyo. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari.

Kosa hilo si ninalolionea uchungu hadi leo. Kosa ni nililofanya baada ya hapo. Nilichukua panchi na nyundo, nikaipiga shafti ile vidonda vidogo vidogo mzunguko mzima. Kila ukipiga panchi, chuma huinuka pembeni ya tundu, na kwa vile vilima beringi ikabana vizuri. Nikaifunga. Nikasema tayari.

Fundi mkuu wangu hakusema neno. Aliivuta beringi akaitoa, akaiona shafti ilivyodonolewa, akaniuliza: "Hii itakaa wiki ngapi?" Nilinyamaza, kwa sababu jibu nililijua. Beringi ilikuwa imekalia ncha za vilima, na vilima vile vingesagika, beringi ingeanza kuzunguka juu ya shafti, ingepata moto, na siku moja pampu ingejifunga huku mtu mwingine kabisa akiwa zamu. Akaniuliza tena: "Na huyo atakayekuwa zamu umemwambia?" Kisha akanipa chuma kipya nikaanza upya, na safari hii niliisubiri shafti ipoe. Niliisubiri nikiwa nimesimama mbele yake.

Kwa hiyo nikiwaona na tupa kwenye ile meza, ninachokitafuta zaidi ni nani anayekuja kuniambia: mwalimu, hiki nimekipunguza mno, kimekuwa 49.7. Huyo nitampa chuma kingine siku hiyohiyo, bila kelele. Anayekigeuza upande ili nisione, huyo ndiye atakayenifanya nikae naye jioni.

Sasa hesabu. Wapo waliokuja huku wakiamini wameikimbia hisabati. Poleni, imewatangulia. Lakini sikilizeni jinsi inavyokuja. Unataka kutengeneza uzi wa ndani kwa ajili ya bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10. Tundu utoboe kwa drili ya ngapi? Uzi wa kawaida wa M10 una hatua ya milimita 1.5, yaani kutoka jino hadi jino. Kumi toa moja na nusu: 8.5. Umemaliza. M6 ina hatua ya 1, kwa hiyo 5. Ukitoboa kwa drili ya 10 kwa sababu bolti ni ya 10, uzi hautakuwa na chuma cha kuchongwa. Ukitoboa ndogo kupita kiasi, tapu, kile kifaa kinachochonga uzi wa ndani, itakatikia ndani, na tapu iliyokatikia ndani ya kazi ya mtu ni msiba wa siku nzima, kwa sababu ni ngumu kuliko drili inayotaka kuitoa. Ndiyo maana tunazungusha tapu mbele kidogo kisha tunairudisha nyuma, ili chuma kinachokatika kivunjike, na tunaweka oili ya kukatia.

Au mwendo wa drili. Drili ya milimita 10 ya chuma cha kawaida cha kukatia, kwenye chuma laini, inataka ukingo wake utembee kama mita 25 kwa dakika. Zidisha 25 mara 1000, gawanya kwa 3.14 mara 10, unapata mizunguko karibu 800 kwa dakika. Drili ya milimita 5 itataka mara mbili ya hapo. Mgeni wa kazi hufanya kinyume: drili kubwa anaizungusha kasi kwa sababu inaonekana ina nguvu, na ndani ya dakika moja imekuwa ya buluu na makali yamekwisha. Nimeona vijana walioandikwa shuleni kwamba hawawezi hesabu wakilipiga fomula hili kichwani ndani ya miezi mitatu, kwa sababu sasa hesabu ina harufu, na wakikosea inatoa moshi.

Mchoro nao ni lugha. Mtaona kwenye karatasi imeandikwa 25 H7, na pembeni 25 g6. Herufi kubwa ni ya tundu, ndogo ni ya shafti. H7 inasema tundu la 25 liruhusiwe kuwa hadi 25.021, lisipungue 25. Shafti ya g6 iwe kati ya 24.980 na 24.993. Ukitoa hapo utaona shafti itateleza kwenye tundu ikiwa na nafasi isiyopungua milimita 0.007. Mtu aliyechora yuko mbali, pengine hamtakutana maisha yenu yote, lakini kwa tarakimu hizo chache ameshakuambia kila kitu anachokihitaji. Jifunzeni kusoma mchoro kabla ya kuwasha mashine yoyote. Kaa nao, zungusha kitu kichwani, kichore kwa penseli kutoka upande wa pili.

Usalama sitausema kwa urefu, kwa sababu mkufunzi wa karakana ana siku tatu nzima za hilo na hakuna atakayegusa swichi kabla ya kuzimaliza. Nataka tu mambo matatu yaanze kuwakaa leo. Ufunguo wa chaki, ile chaki ya mashine inayobana kazi, hauachwi ndani ya chaki hata kwa sekunde moja. Mkono wako ukiutoka, nao uwe umetoka kwenye chaki. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa ndani, unaruka kama risasi. Pili, glovu hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka. Najua inashangaza, tumezoea kudhani glovu inalinda. Mbele ya drili au chaki, glovu, mkono mrefu wa shati, mnyororo wa shingoni na nywele zilizoachiwa ni kamba zinazokuvuta ndani. Mabinti, na ninyi vijana wenye nywele ndefu, zifungeni na kuzifunika. Tatu, vile vipande vya chuma vinavyojisokota kama utepe havishikwi kwa mkono. Vina makali ya wembe na mara nyingi vina moto. Kuna kulabu na brashi.

Nimewataja mabinti, basi niseme neno moja zaidi. Maikromita haimjui aliyeishika. Mchoro haujui. Atakayewaambia kwamba kazi hii haiwahusu, mwonyesheni skwea na mwanga.

Wazazi na walezi wangu. Naomba mnisikilize kwa upole, maana nalisema kwa mapenzi. Msimlete kijana huku kwa sura ya mtu anayeficha aibu. Mtoto anaona. Akiona kwamba ufundi ni mahali alipotupwa baada ya mitihani, atashika tupa kama mtu anayetumikia kifungo. Ujerumani, kijana anayesomea ufundi wa mitambo ya viwandani hukaa kwenye mafunzo miaka mitatu na nusu, muda wake ukigawanywa kati ya kiwanda na shule ya ufundi, na hakuna anayemwonea huruma. Miaka mitatu na nusu ni mingi. Inaonyesha uzito wa jambo lenyewe.

Na mkiwa mnawatafutia vijana wengine mahali pa kuanzia, ulizeni maswali yenye meno. Ni wanagenzi wangapi kwa jiriwa moja? Kama ni kumi, tisa wanatazama, na kutazama hakujengi mkono. Je, kuna daftari la kazi ambalo fundi anatia sahihi kwa kila kazi iliyofanyika na kupimwa? Cheti kinatambuliwa na nani, na kinamruhusu kuendelea ngazi gani? Saa ngapi ni za darasani na saa ngapi za karakana? Kuna mahali ambapo kijana huchukuliwa kama mwanagenzi, anafagia na kutumwa dukani mwaka mzima, na mwisho wa mwaka hajui kunoa drili. Kufagia ni sehemu ya kazi yetu, mimi mwenyewe nafagia sehemu yangu kila jioni, na anayefagia karakana hujifunza kila kitu kinakaa wapi. Lakini ufagio usiwe ndio mtaala.

Wakufunzi wenzangu, kwenu nina ombi moja. Kijana akileta chuma kilichokosewa, msikitupe kwenye pipa mbele ya macho yake. Wekeni skwea juu yake, mwonyesheni mwanga unapopitia, mwacheni aseme mwenyewe kosa liko wapi.

Najua swali linalobaki, na kijana mmoja alikwisha kuniuliza pale mlangoni: hizi mashine za kompyuta si zitafanya yote haya? Zinafanya mengi, na mtazijifunza. Mtaandika programu zake, mtaweka vifaa, mtaona chuma kigumu kikichongwa kwa ustadi wa kushangaza. Lakini mashine ile inafuata namba ilizopewa. Kifaa kikianza kulika, kazi ikiwa haikubanwa vizuri, chuma kikiwa kimepata moto, inaendelea kukata kana kwamba hakuna kilichotokea, isipokuwa pawepo mtu anayesikia sauti imebadilika na kujua kwamba kipimo kimeanza kuhama. Wale ninaowaona wakifanikiwa mbele ya mlango wa kioo ni wale waliokaa muda wa kutosha kwenye meza ya mbao. Baadaye njia zitagawanyika: wengine mtakuwa wakerezaji, wengine wachomeleaji, wengine mtapenda matengenezo ya mitambo, kazi ya kuusikiliza mtambo unaougua. Msichague leo. Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele yenyewe hamjaisikia.

Kabla hamjaingia, jambo la mwisho la kazi. Kwenye kila kipande cha chuma pale mezani pamepigwa namba. Chukua kimoja, andika namba yake na jina lako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na tarehe. Kipime kwa rula pande zote kabla hujakigusa kwa tupa, uandike ulichokipata, hata kama kimepinda vipi. Anza na uso mkubwa mmoja tu. Usihangaike na vingine mpaka huo umekubali, kwa sababu pande zote tano zilizobaki zitapimwa kutokea hapo. Ukidhani uso umenyooka, nitakuwa nimesimama pale kwenye dirisha la mashariki, ambako mwanga ni mzuri hadi saa sita. Njoo na chuma chako na skwea, tutatazama pamoja.